Borga Hajapewa Maji

Kosa la Dufie lilikuwa kuuweka ule ujumbe kwenye spika.

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa saluni ya Dufie pale Kwadaso, Kumasi, haina kiti kitupu. Kuna wa kusukwa, kuna wa kukaushwa, kuna wasio na nywele za kutengeneza kabisa ila wamekuja kusikia nani kaachwa na nani karudiwa. Simu ililia, jina la kaka yake likatokea, na saluni nzima ikageuza shingo. Wote walishaijua habari ya safari. Tangu Pasaka Dufie alikuwa anaisimulia: mwaka huu hawali Krismasi Kumasi, wanaila Hamburg, Ujerumani, yeye na mumewe na watoto wote wawili, kwa mjomba wao Yaw Gyimah. Wateja walishaanza kuagiza. Huyu mabuti, yule manukato, mwingine kaomba apigiwe picha ya theluji tu, aione kama ni kweli inaanguka bila kelele.

"Nyamazeni kidogo," Dufie akasema, akaongeza sauti mpaka mwisho. "Borga anazungumza." Ndivyo Kumasi wanavyomwita mwenzao aliyehamia ng'ambo.

Sauti ya Yaw ikatoka, nzito, imepoa kama chai iliyosahauliwa.

"Dada, habari za hapo. Nimefikiri sana. Krismasi hii msije. Huku baridi kali, watoto wataumwa bure. Njooni Juni, Juni kunapendeza. Ile barua ya mwaliko nitaiandika Juni ikikaribia. Mimi nitakuja huko kama kawaida yangu. Mniwekee chumba kile cha mbele. Na umwambie Adoma anitafutie konokono wakubwa, kama wale wa mwaka jana."

Kikabaki kikaushio kimoja kinavuma. Hakuna aliyekuwa chini yake.

Bemah, mteja wa tangu ujana, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu imesimama kama imeona jini, ndiye aliyefungua kinywa. "Kwa hiyo mabuti yangu ni ya Juni?"

Dufie alikuwa amemwaga mtama kwenye kuku wengi, na kuku walishaanza kudonoa. Alijua kabla jua halijazama habari itakuwa imevuka mpaka Tanoso, na njiani itakuwa imeota miguu: kwamba Borga amemfukuza dada yake hata kabla hajafika, kwamba Ujerumani wanakataa watu wa Kwadaso, kwamba safari haikuwepo tangu mwanzo. Lakini si hilo lililomchoma. Kilichomchoma ni konokono.

Mtu anakunyima mlango wake, na pumzi hiyo hiyo anakuagiza supu.

Nyumbani aliwakuta watoto uani. Adoma, msichana wa miaka kumi na sita mwenye shingo ndefu na majibu mafupi, alikuwa anajaribu kofia ya sufu kwenye joto la kuchemsha yai, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Mdogo wake Oti alikuwa anamsalimia mbuzi wa mpangaji kwa Kijerumani. Miezi mizima huyo mvulana alikuwa anajifunza kwenye simu, na hakuna kiumbe pale nyumbani, wa miguu miwili wala minne, aliyekuwa hajasalimiwa.

"Vua hiyo kofia," Dufie akasema. "Mjomba wenu kasema tusiende."

Adoma akaivua polepole. "Kasema nani?"

"Mjomba wako. Eti baridi."

"Si ndiyo tunaifuata hiyo baridi?"

"Muulize yeye."

Oti akamwacha mbuzi. "Ama ni kwa sababu yangu? Mwaka jana nilimwaga supu kwenye koti lake."

"Wewe, acha ujinga," Adoma akamwambia. "Ni mimi. Nilimwambia akishafika huku anakoroma mpaka jogoo wanachanganyikiwa." Alisema kwa mzaha, lakini macho yalikuwa yanamtazama mama yake, yanasubiri kuambiwa siyo.

Hapo ndipo hasira ya Dufie ilipopata mizizi. Wateja wacheke, hewala. Lakini watoto waanze kujipekua wamemkosea nini mjomba wao? Mtoto wa Kiashanti ni wa upande wa mama. Baba anampa roho na jina, lakini mjomba ndiye ukuta anaouegemea. Mjomba akiusogeza ukuta, mtoto aegemee wapi?

Mumewe Ntim, muuza vipuri wa Suame, mtu mpole asiyependa kelele zisizo za injini, aliingia jioni na kusimuliwa yote kuanzia spika mpaka konokono. Alinawa mikono, akakaa.

"Na wewe huna la kusema?" Dufie akamuuliza.

"Mimi ni baba tu," Ntim akasema. "Ndivyo mlivyoniambia ukoo mzima siku ya harusi. Mambo ya mjomba, malizaneni wajomba."

"Usinichekeshe nina hasira."

"Sikuchekeshi. Mpigie."

Akampigia. Aliingia chumba cha mbele, kile kile anachotaka Borga awekewe, akafunga mlango, ingawa kufunga mlango katika nyumba ile ni kuwaita watu waje kusikiliza.

"Yaw, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, dada."

"Watoto wamekukosea nini?"

"Nani kasema wamenikosea? Ni hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya Desemba imebadilika mwaka huu? Mwaka jana ulipoahidi ilikuwa joto?"

Kisha Yaw akaanza kutoa sababu moja baada ya nyingine, kama mtu anayejipapasa mifuko akitafuta ufunguo. Maduka yanafungwa. Hakuna pa kwenda. Kutwanga fufu, ule ugali wa mihogo na ndizi, ndani ya jengo hakuruhusiwi, majirani wanaita polisi. Watoto wataboreka, watashinda na simu. Na nauli ya Krismasi yeye alishalipa, tiketi yake ya Accra ipo.

"Kwa hiyo," Dufie akasema taratibu, "tusije kwako kwa sababu wewe unakuja kwetu."

"Usiliweke hivyo."

"Naliwekaje? Kila Desemba unashuka na koti lako. Nani anahama chumba? Adoma. Analala na bibi yake mzaa baba anayeongea usingizini mpaka wewe uondoke. Nani anakupikia? Nani anaambiwa na mtaa mzima Borga kaja, halafu mtaa mzima unakuja kula? Nimewahi kukuambia kuna joto, njoo Juni?"

"Dada…"

"Hukusema kwa mdomo mkavu, Yaw. Ulimwaga kinywaji."

Simu ikakatika. Aliyeikata ni nani, mpaka leo hawajakubaliana.

Ni kweli alimwaga. Siku ya pili ya Krismasi iliyopita, wazee wamekaa, Yaw alisimama na chupa ya shnapsi, ile pombe kali ya matambiko, akadondosha matone chini, akawaita marehemu kwa majina yao, akasema: mwaka ujao watoto wa dada yangu watakula Krismasi kwenye meza yangu. Neno la mdomo mtupu unaweza kulikana ukasema ulikuwa umeshiba. Neno lililotanguliwa na kinywaji limeshasikika chini, na waliolala chini hawasahau.

Kesho yake Dufie alinunua chupa ya shnapsi, akajifunga kitenge cheusi na chekundu, kile cha misiba na cha mashtaka, akaenda kwa Nana Pokuaa.

Nana Pokuaa ni dada mkubwa wa marehemu mama yao na ndiye mama wa ukoo. Mtu akisikia hivyo atamfikiria bibi mtaratibu mwenye hekima. Hapana. Ni bibi mkaidi, sikio moja limestaafu, na anapenda mambo mawili: desturi ifuatwe neno kwa neno, na tamthilia yake ya Kihindi iliyotafsiriwa kwa Kitwi, lugha ya Kumasi, isiguswe. Alipokea chupa, akaigeuza kuangalia kama muhuri haujafunguliwa, akasikiliza malalamiko mpaka mwisho.

"Konokono pia kaagiza?" akauliza.

"Wakubwa, Nana."

"Mwiteni Jumapili baada ya ibada. Kwa ile simu yenu yenye sura."

Jumapili sebule ya Nana ilijaa mpaka mlangoni. Walialikwa wachache, wakaja wote, maana shauri la Borga ni bora kuliko mpira. Simu ya Adoma iliegemezwa kwenye ile chupa ya shnapsi juu ya meza, sura ya Yaw ikitokea ya kijani kidogo kwa sababu ya kioo kibovu cha simu. Nana kwenye kiti chake cha plastiki chenye mikono, televisheni imezimwa kwa shingo upande. Kando yake mzee Kankam, msemaji wake, dereva wa lori mstaafu anayependa sauti yake kuliko chakula. Kwa maana Nana hasemi na mshtakiwa moja kwa moja. Nana anamwambia Kankam, Kankam anaiambia simu, hata kama simu imeshasikia.

Dufie alikuwa amekaa mbele, hotuba yake imeiva. Alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo cha saluni, na Bemah alikuwa ameongezea matusi mawili ya heshima.

"Yaw Gyimah," Kankam akaanza, "umefika?"

"Nimefika," ikasema simu.

"Umefika salama?"

"Mzee Kankam, niko nyumbani kwangu."

"Jibu ulivyoulizwa."

"Nimefika salama."

Nana akanong'ona. Kankam akajikohoza. "Nana anasema mgeni ametoka mbali. Kabla hajaulizwa ujumbe, apewe maji."

Vijana nyuma wakacheka. Yaw naye akatabasamu, akatoka kwenye picha. Ukabaki ukuta mweupe na saa ya ukutani. Akarudi na glasi, akainua wote waione, akanywa nusu.

"Asante kwa maji," akasema. "Haya, tuendelee."

"Nani amempa?" Nana akauliza.

"Nana anauliza nani amekupa."

"Nimechota mwenyewe, Nana. Jikoni."

"Mgeni anayejichotea maji," Nana akasema, "ni mwizi."

"Nana anasema," Kankam akasema kwa adabu, "si desturi."

"Basi hesabuni nimepewa."

"Na nani?"

Hotuba ilikuwa inamchemka Dufie kifuani, na huyu bibi yuko kwenye maji. "Nana, tunapoteza muda. Kaka yangu anajua alichofanya."

"Kesi haianzi mgeni ana kiu," Nana akasema, na hapo hakumpitia Kankam. "Hata mwizi wa ng'ombe nilimpa maji. Mwambie amwite jirani."

"Nana anasema umwite jirani akupe."

Sura kwenye simu ikabadilika kidogo. "Siwezi kumwita jirani, Nana."

"Anaumwa?"

"Sijui."

"Kasafiri?"

"Sijui, Nana."

"Kwani anaitwa nani?"

Yaw alitazama pembeni, kama jina limebandikwa ukutani. "Limeandikwa kwenye kengele, chini. Ni refu."

Waliocheka walicheka kwa sauti, kisha kicheko kikakatika vipande vipande, kila mmoja akiacha alipogundua mwenziwe ameacha.

"Na yule rafiki yako wa kazini, mjomba?" Adoma akauliza kutoka nyuma, bila kupewa ruhusa. "Yule wa picha?"

"Alihama."

"Na wale wa kanisani? Si mko wengi Hamburg?"

"Wengi sana. Lakini mimi sikai Hamburg, Adoma. Kiwanda kilihamia mji mdogo, nami nikahama nacho. Ni mbali kwa treni. Huko mkaendelea kusema Hamburg, Hamburg, nikaona niwaache. Na hata hao wa Hamburg, ikifika Krismasi wote wanapanda ndege kuja huko. Nani abaki?"

"Lini ulihama?" Dufie akauliza.

"Zamani, dada. Oti alikuwa anatambaa."

Dufie akafungua kinywa. Hotuba ilikuwa imekosa pa kutua.

Yaw akawa amekwisha kuyavulia nguo maji, akayaoga. "Mnataka kujua kwa nini nasema msije? Mkesha wa Krismasi, ikipita adhuhuri, maduka yanafungwa. Mabasi yanapungua. Barabarani hata mbwa humuoni. Kila mtu kaingia ndani na wa kwake, taa unaziona dirishani tu, njano njano. Wanakaa hivyo mpaka siku ya tatu. Mwaka wa kwanza sikujua. Nilivaa suti. Nikapika wali wa jollof, sufuria ile kubwa, nikanunua na soda za watoto. Nikakaa nasubiri mtu agonge. Si ndivyo kwetu? Krismasi unapika, watu wanaingia." Akageuza glasi mkononi. "Ile jollof niliila mpaka mwaka mpya. Tangu hapo, Desemba nikiona taa zinaanza kutundikwa, nakata tiketi."

Hata Kankam hakurudia.

"Sasa hao watoto," Yaw akasema, "nimewaambia mimi ni Borga, nina watu, nina mji. Waje wakae na mimi siku tatu tunatazama dirisha? Waulize mjomba, watu wako wako wapi? Juni angalau kuna bustani. Juni hawatagundua."

Oti akavuta pumzi kwa sauti. "Kwa hiyo si ile supu?"

"Supu gani?"

"Niliyomwaga kwenye koti."

"Wewe ndiye ulimwaga?" Yaw akasema. "Mimi nilimlaumu Kankam."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa nafuu, isipokuwa Dufie. Hasira yake ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa inatafuta mlango mwingine, na ikaupata.

"Ukuta kwa ukuta," akasema. "Miaka yote hiyo unakaa na watu ukuta kwa ukuta. Hakuna hata mmoja aliyekugongea kukuomba chumvi?"

"Chumvi wanayo, dada."

"Kila mtu ana chumvi, Yaw. Chumvi haiombwi kwa kukosa chumvi." Akasimama. "Ni watu gani hao? Mtu anahamia, hapewi maji, haulizwi kwao ni wapi, hata kuku mgeni hufungwa kamba na kuonyeshwa banda. Na wewe, mtoto wa mama yangu, mtu uliyezaliwa nyumba isiyofungwa mlango, ulikaa tu? Uligonga kwa nani?"

"Nigonge mimi? Mimi ndiye mgeni. Mgeni si husubiri kukaribishwa?"

"Mpaka lini?"

"Nilikuwa nasubiri," Yaw akasema. "Halafu ikapita miaka, ikawa aibu kuuliza."

"Na aibu hiyo ukaona uwape wanangu waibebe. Siku mbili nzima wanajiuliza wamekukosea nini. Huyu anahesabu supu, huyu anahesabu maneno. Ungesema tu, Yaw. Ungesema, dada, huku sina mtu. Ningekuja na mtaa."

Akakaa. Nana Pokuaa alikuwa anamnong'oneza Kankam kwa muda mrefu, na Kankam alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayepewa maelekezo ya barabara mbovu. Hatimaye akasimama, akashika fimbo ambayo hakuihitaji.

"Nana anasema hivi. Kesi hii haijaanza. Haijaanza kwa sababu mgeni hajapewa maji, na hajapewa maji kwa sababu hana wa kumpa. Kesi haifutwi, imeahirishwa. Mlalamikaji ni dada yake. Basi mlalamikaji atakwenda huko huko aliko mshtakiwa, yeye na mumewe na watoto, na watoto watampa mjomba wao maji kwa mikono yao. Akishakunywa, ndipo aulizwe ujumbe. Kwa hiyo Yaw Gyimah utaandika ile barua leo, si Juni. Maana shnapsi imeshapokewa, na Nana hawezi kulala na shauri lililokatwa katikati kama mkia wa mjusi."

"Na tiketi yangu?" Yaw akauliza.

"Nana anasema tiketi yako si ukoo."

Nana akamvuta Kankam shati.

"Na jambo lingine. Nyumba inayotarajia wageni, jirani huambiwa, wasije wakadhaniwa wezi. Kwa hiyo kabla hawajafika utagonga mlango mmoja. Mmoja tu. Utasema watu wangu wanakuja. Nana anasema kama unaogopa, vaa ile suti."

Televisheni ikawashwa kabla watu hawajatoka.

Barua ilifika Jumanne kwa simu, ya kuchapwa na kwenda nayo ubalozini. Dufie aliisoma, akaisoma tena, akatafuta kosa la kumkasirisha, akakosa, akakasirika kwa kukosa. Adoma alivaa kofia yake ya sufu kwenda nayo dukani, mtaa uone. Mbuzi akaanza kusalimiwa upya.

Ijumaa, saluni imejaa tena, Yaw akapiga. Dufie akaweka simu sikioni na kuwapa wateja mgongo.

"Weka spika," Bemah akasema.

"Siweki."

"Dufie, mabuti yangu yamo humo."

Mikono ilikuwa na mafuta na simu ilikuwa inateleza. Akaiweka spika.

"Nimegonga, dada," Yaw alikuwa anasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepanda ngazi mbio. "Chini yangu. Mama mmoja mzee, Frau Lüdemann. Nilivaa suti. Alipofungua akadhani mtu amekufa."

"Akasemaje?"

"Kwanza akauliza kama bomba limepasuka. Nikamwambia hapana, nimekuja kusema dada yangu na watoto wake wanakuja Krismasi. Akasema, bwana, umekaa juu ya kichwa changu miaka yote hii, nikasema huyu mtu anajivuna, hajawahi kuja kujitambulisha. Dada, unajua desturi yao? Anayehamia ndiye anayegonga. Mgeni ndiye anayezunguka milango kusema mimi fulani, nimefika. Wao walikuwa wananisubiri mimi."

Dufie alishusha kitana.

"Mgeni ndiye ajikaribishe?" akasema. "Mtu ametoka mbali, amechoka, mizigo kichwani, halafu azunguke kuomba kujulikana? Nani aliwafundisha hao?"

"Ndiyo desturi yao."

"Si desturi hiyo, ni uvivu. Na wewe na wao mmekaa mnasubiriana kama vipofu wawili mlangoni." Lakini alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mteja, na hakukumbuka kuinuka. "Alikuingiza ndani angalau?"

"Aliniingiza. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia maji."

Wanawake wote wakainama mbele, hata Bemah aliyekuwa ameachwa na nywele nusu.

"Akakupa?"

"Kwa mkono wake. Lakini dada, yana gesi. Maji yao yana gesi, kama soda iliyosahauliwa sukari. Nilikunywa yote, nikapiga mbweu mbele yake, akacheka. Sasa nataka unisaidie. Muulize Nana, hayo yanahesabika?"

Dufie alimpigia Nana kwa simu ya Bemah, akaziweka simu mbili mdomo kwa mdomo juu ya meza ya mafuta na viroba vya nywele. Swali lilirudiwa kwa kelele mpaka likafika kwenye sikio zima. Nana alitaka kwanza kujua kama gesi hiyo ni ile ya kupikia. Alipoelewa, alifikiri kwa muda ambao ulitosha mtu kusuka mstari mzima.

"Nusu," akasema. "Nusu nyingine mpelekeeni."

"Umesikia?" Dufie akamwambia kaka yake.

"Nimesikia. Na Frau Lüdemann anauliza mko wangapi, anataka kuoka biskuti. Lakini kasema, kuhusu ile fufu niliyomweleza, tusitwange baada ya saa mbili usiku, wala saa za kulala mchana, wala siku yenyewe ya Krismasi."

Dufie akainuka kwenye kiti. Wateja waliokuwa wanamjua waliweka magazeti chini.

"Nitwange kwa ratiba?" akasema. "Mimi, Krismasi, kwa kaka yangu, niombe ruhusa ya mchi? Mwambie huyo mama nakuja na mchi wangu, nakuja na konokono wangu wamekaushwa vizuri, na siku ya Krismasi apande ngazi aje ashike yeye mwenyewe aone kama ni kelele. Na mlango asigonge. Mwambie kwa dada wa Yaw watu hawagongi."

Akakata simu, akachukua kitana, akamrudia Bemah kichwa kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ukubwa gani?" akauliza.

"Nini?"

"Mabuti, Bemah. Miguu yako. Ukubwa gani?"